DALI, DMX512, pikseli au Zigbee: chagua kabla dari haijafungwa

Taa ya LED hubadilishwa kirahisi. Balbu hutolewa, paneli hushushwa, ukanda hubanduliwa. Kisichobadilika kirahisi ni nyaya zilizolala juu ya jipsam na ndani ya plasta, na hizo ndizo zinazoamua taa zako zitaelewa lugha gani. Makosa mengi ya mifumo ya taa za kidijitali hayaanzii kwenye taa. Yanaanza siku fundi anapopitisha moto, nyutro na ethi peke yake mahali palipohitaji nyaya mbili zaidi, na mwenye jengo anakuja kujua wiki ya kuhamia.

Njia nne zinazolinganishwa hapa ndizo zinazowachanganya watu zaidi: DALI, iliyozaliwa kwa ajili ya majengo, DMX512, iliyozaliwa jukwaani, kanda za pikseli, ambazo kila LED inaamriwa rangi yake, na Zigbee, isiyohitaji waya wa data.

Maswali ya kujibu kwanza

Nani atazitumia taa baada ya fundi kuondoka? Karani wa ofisi anataka swichi ukutani. Kijana wa mitambo kanisani anataka mikse ya taa yenye vitelezo. Mama mwenye nyumba anataka kuzima taa ya kibarazani akiwa kitandani. Mfumo usiomfaa mtumiaji wake huishia kuwa swichi moja ya kuwasha na kuzima, na fedha yote ya ziada imekwenda bure. Swali hili lina uzito kuliko mengine yote yanayofuata.

Dari na kuta ziko wazi bado, au zimeshafungwa?

Unataka nini hasa kitokee? Kupunguza na kuongeza mwanga ni jambo moja. Kubadili weupe, kutoka wa manjano hadi wa samawati, ni la pili. Rangi ni la tatu. Mchoro unaotembea juu ya ukuta ni la nne, nalo linadai data nyingi kupita mengine yote yakijumlishwa.

Kitu kimoja kikifa, giza litafika wapi? Na umeme ukikatika, ukarudi saa tisa usiku, taa zitaamka vipi?

La mwisho ni kamera. LED nyingi hupunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa upesi sana. Jicho halioni, lakini kamera huona, na video inatoka na mistari. Jambo hili halitegemei itifaki, yaani lugha ya amri, linategemea draiva (kifaa kinachoilisha LED umeme wake) au chipu. Kama harusi au ibada itarekodiwa, soma masafa ya draiva kwenye karatasi yake ya vipimo. Hezi 400 ni hatari, hezi elfu mbili ni afadhali, na makumi ya maelfu huondoa wasiwasi. Jaribu pia kwa simu: punguza mwanga hadi robo, elekeza kamera, angalia.

DALI

*Inavyofanya kazi.* Nyaya mbili za data hupita kwenye taa zote, na kila draiva hupewa anwani kati ya 0 na 63. Laini moja basi inabeba draiva 64, makundi 16 na mandhari 16, yaani mipangilio ya mwanga iliyohifadhiwa. Kiwango chake ni IEC 62386, na toleo la kudai dukani ni DALI-2, kwa sababu bidhaa zake hupimwa na kuthibitishwa kwamba zinaelewana hata zikitoka kwa watengenezaji tofauti. Mwendo ni biti 1,200 tu kwa sekunde. Ukiamuru taa 64 moja moja, zaidi ya sekunde moja itapita na wimbi litaonekana kwa macho. Ukiamuru kundi zima kwa amri moja, zinabadilika pamoja.

*Waya.* Hapa DALI ni ya huruma kuliko zote. Nyaya za data hazina chanya wala hasi, na unaweza kuzigawa kama matawi ya mti au kama nyota. Duara tu ndilo halifai. Kebo moja ya nyaya tano inatosha: moto, nyutro, ethi na mbili za DALI. Umbali hadi taa ya mwisho ni mita 300 kwa waya wa 1.5 mm², mita 150 kwa 0.75 mm², mita 100 kwa 0.5 mm². Laini inalishwa na kifaa chake, kwa kawaida volti 16 hivi, na mkondo wote usizidi miliampea 250. Kila draiva inakula hadi miliampea 2, kwa hiyo 64 zinachukua 128, na kinachobaki ni cha sensa na swichi. Usiunganishe vifaa viwili vya kulishia vikapita kikomo hicho.

Onyo moja: volti 16 zinaonekana ndogo, lakini nyaya hizo zinalala pamoja na umeme wa volti 230 na hazijatengwa kwa kiwango cha kuguswa. Zishike kama unavyoshika umeme wa ukutani.

*Unachopata.* Mwanga hushuka kwa ngazi zinazofuata jicho, kwa hiyo nusu kwenye swichi inaonekana nusu kweli. Draiva za aina ya DT8 hubadili weupe au rangi kwa anwani moja. Na taa inajibu: unaweza kuuliza draiva namba 17 kama taa yake imekufa, au taa za dharura kama betri zake bado zinashika. Katika jengo la ghorofa sita jambo hilo peke yake linaokoa siku za kuzunguka na ngazi.

*Kinachoharibika.* Taa zote zikiwaka asilimia 100 na kugoma kusikia swichi, usikimbilie kulaumu swichi. Draiva za DALI kwa kawaida zimewekwa hivyo kiwandani: laini ikifa, waka kikamilifu. Pima nyaya za data kwa multimita kwenye DC. Karibu volti 16, laini ni nzima. Sifuri, kuna shoti au kifaa cha kulishia kimekufa. Kata laini katikati, pima kila nusu, endelea kuigawa hadi uikute shoti. Kosa la pili ni kuingiza moto kwenye tundu za DALI, ambalo huua draiva nyingi kwa mara moja. La tatu ni la makaratasi: draiva inabadilishwa, mpya haina anwani, na hakuna aliyehifadhi orodha inayosema namba 23 iko chumba gani. Orodha hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa boksi la umeme.

*Inamfaa* mwenye ofisi, hospitali, shule, hoteli. Jengo litakaloishi miaka ishirini na kubadilisha mafundi mara tano. Kwa chumba kimoja chenye taa sita ni mzigo: unahitaji kompyuta, kifaa cha kuiunganisha na laini, na mtu anayejua kugawa anwani.

DMX512

*Inavyofanya kazi.* Ilitungwa mwaka 1986 na taasisi ya teknolojia ya maonyesho ya Marekani, USITT, ili mikse ya kampuni moja iendeshe taa za nyingine. Kebo moja hubeba chaneli 512, kila moja ikiwa na thamani ya 0 hadi 255, na orodha nzima hurudiwa hadi mara 44 kwa sekunde. Taa moja inaweza kula chaneli moja au ishirini. Kwa taa ya chaneli 7, ya kwanza iweke anwani 1, ya pili 8, ya tatu 15. Chaneli 512 zinatosha taa 73, ingawa waya mmoja una kikomo kidogo zaidi, kama utakavyoona hapa chini.

*Waya.* Huu ni mfumo mkali kuhusu waya, na ukali wake hauonekani hadi siku ya shughuli. Kebo huingia taa ya kwanza, ikatoka kwenda ya pili, na kuendelea hivyo. Hakuna kutoa matawi. Ukitaka matawi, nunua kigawanyi chenye kutenganisha umeme kati ya matawi. Vipokezi 32, yaani taa 32, ni kikomo cha waya mmoja bila kigawanyi, na mita 300 ndiyo kawaida ya kutozidi. Kebo iwe ya DMX yenyewe, ya ohmu 120. Kwa nyaya za kudumu ukutani, Cat5e nayo inakubalika. Kebo ya maikrofoni ina plagi zinazoingiana na za taa, na ndiyo chanzo cha matatizo mengi kumbini, kwa sababu inafanya kazi kwenye mazoezi na taa nne, kisha inaanza kutetemesha taa zikifika kumi na mbili.

*Unachopata.* Kasi na kushika mkononi. Mikse ndogo ya chaneli 192, ile ya taa 12 zenye chaneli 16 kila moja, inatosha kanisa la wastani au ukumbi wa harusi, na kijana makini anaijua kwa siku mbili. Kasoro yake: mazungumzo ni ya upande mmoja tu. Taa ikifa, mikse haijui. Nyongeza iitwayo RDM huleta majibu, lakini mikse, vigawanyi na taa vyote lazima viielewe. Pia, chini kabisa ya mwanga, ngazi 256 huonekana kama vijiruko. Taa nzuri hutumia chaneli mbili kwa mwanga ili kuondoa hilo.

*Kinachoharibika.* Taa zikicheza zenyewe, anzia mwisho wa laini. Taa ya mwisho inahitaji plagi yenye rezista ya ohmu 120 kati ya pini 2 na 3. Bila hiyo, ishara hufika mwisho, hugonga na kurudi, na kuharibu ishara inayofuata. Rezista hiyo ni ya bei ya maandazi, na kukosekana kwake kumeharibu shughuli zilizogharimu mamilioni. Taa moja tu ikigoma, angalia anwani na hali iliyochaguliwa: ikiwekwa hali ya chaneli 10 badala ya 7, inasoma chaneli za jirani. Taa zote baada ya ile ya tano zikigoma, kebo kati ya tano na sita ndiyo mshukiwa.

Mikse ikizimwa, taa nyingine hubaki zilivyo na nyingine huzimika, kadiri zilivyowekwa. Jaribu kabla. Na usiendeshe kwa DMX kitu kinachoweza kuumiza watu, kama fataki au mashine za kunyanyua. Kiwango chenyewe kinakataza, kwa kuwa hakuna uhakika kwamba amri imefika salama.

*Inamfaa* mwenye jukwaa, studio, kumbi, na mbele ya majengo yanayopambwa kwa rangi. Ofisini haina kazi.

Kanda za pikseli

*Zinavyofanya kazi.* Kila LED ina chipu yake. Data inaingia pikseli ya kwanza, inachukua biti zake 24, inasukuma zilizobaki kwenda ya pili, hivyo hadi mwisho. Chipu maarufu ni WS2812B ya volti 5 na WS2815 ya volti 12, na SK6812 yenye LED nyeupe ya ziada. Kila pikseli ya biti 24 inachukua mikrosekunde 30, kwa hiyo pikseli 1,000 kwenye waya mmoja ni milisekunde 30, yaani fremu 33 kwa sekunde. Ukizidisha hapo, mwendo unaanza kukatakata. Gawa kwenye pini mbili au nne za kidhibiti. Kidhibiti chenyewe ni bodi ndogo ya ESP32 yenye programu huria ya WLED, inayoendeshwa kwa simu na kupokea pia data ya DMX kwa mtandao wa ndani.

*Waya.* Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo hesabu iandikwe. Mita 5 za WS2812B, pikseli 60 kwa mita, ni pikseli 300. Kila moja ikiwaka nyeupe kamili hesabu miliampea 60. Jumla ampea 18 kwa volti 5, wati 90. Shaba ya ukanda ni nyembamba mno kwa mkondo huo: volti zinashuka njiani, na kwa kuwa LED ya bluu na ya kijani zinahitaji volti nyingi kuliko nyekundu, mwisho wa ukanda nyeupe inageuka ya machungwa. Dawa ni kulisha ukanda pande zote mbili, kila mlisho na fyuzi yake ya ampea 10, na kuweka kikomo cha mkondo ndani ya WLED. Ukichukua WS2815, pikseli 300 hizo hizo zinakula takriban miliampea 15 kila moja: ampea 4.5 kwa volti 12, wati 54. Nyaya zinakuwa nyembamba na milisho michache. Kwa dari ya sebule au baa, sioni sababu ya kuanza na volti 5.

Kati ya kidhibiti na pikseli ya kwanza kuna mtego mwingine. ESP32 hutoa volti 3.3, lakini WS2812B kwa vipimo vyake inataka asilimia 70 ya volti zake, yaani 3.5. Wakati mwingine inakubali, wakati mwingine inarukaruka rangi, hasa joto likipanda. Weka chipu ya 74AHCT125 kupandisha ishara hadi volti 5, rezista ya ohmu 220 hadi 470 kwenye waya wa data, kapasita ya mikrofaradi 1,000 kwenye mlango wa umeme, na uhakikishe hasi ya kidhibiti na hasi ya ukanda zimeungana. Hasi isipoungana, hakuna kitakachofanya kazi hata ukibadilisha kila kitu. Angalia pia mishale kwenye ukanda: data huenda upande mmoja tu.

*Unachopata.* Mchoro unaotembea, maji yanayotiririka, bendera inayopepea, kwa gharama ndogo kuliko mifumo mingine yote hapa. Ila mwanga mweupe unaotoka kwa kuchanganya nyekundu, kijani na bluu ni mbaya kwa kusomea na unaharibu sura ya chakula mezani. Taa ya kuonea iwe nyingine, au chukua SK6812 yenye nyeupe yake.

*Kinachoharibika.* Kwa WS2812B, pikseli moja ikifa, zote baada yake zinagoma. WS2815 ina waya wa data wa akiba unaoruka pikseli iliyokufa. Zikifa mbili zinazofuatana, mwendo umeishia hapo. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, adui mkubwa ni chumvi ya hewani: ukikata ukanda wenye silikoni na kuacha ncha wazi, shaba inageuka kijani. Ziba kila ncha kwa silikoni isiyotoa harufu ya siki, kwa sababu ile yenye siki yenyewe inakula shaba. Joto nalo huua polepole. Ukanda uliobandikwa moja kwa moja kwenye mbao hauna pa kutolea joto. Chaneli ya alumini yenye kifuniko cheupe inausaidia kupoa na kuficha vidoti.

*Inamfaa* mwenye baa, duka, studio ya video, au kijana anayejua kupiga solda. Haimfai anayetaka kusahau kuhusu taa zake kwa miaka kumi.

Zigbee

*Inavyofanya kazi.* Redio ya 2.4 GHz, biti 250,000 kwa sekunde, kila balbu inayopata umeme ikipokezana ujumbe na jirani yake hadi kwenye kisanduku kikuu. Balbu za Philips Hue, zilizotoka mwaka 2012, ndizo zilizoipa jina. Itifaki ya Matter, iliyotolewa mwaka 2022, inalenga kuunganisha chapa mbalimbali, na visanduku kadhaa vya Zigbee vinazungumza nayo.

*Waya.* Hakuna wa data, na huo ndio utukufu wake kwa nyumba iliyokwisha kumalizika au ya kupanga. Kabla ya kuagiza, tazama holda: E27 ya kuzungusha au B22 ya pini, kwani nyumba zetu zina zote mbili. Ukitaka swichi ya Zigbee ukutani badala ya balbu, fungua boksi la swichi kwanza. Swichi nyingi za aina hiyo zinadai nyutro, na nyumba nyingi zimeletewa kwenye boksi moto wa kwenda na wa kurudi tu.

*Unachopata.* Makundi, ratiba, weupe na rangi, sensa za betri zinazodumu miezi mingi. Chagua kisanduku kinachofanya kazi hata intaneti ikikatika; kifurushi kikiisha, taa ya choo isigome.

*Kinachoharibika.* Mgeni anazima balbu kwenye swichi ya ukutani. Balbu hiyo ilikuwa daraja la ujumbe kwa nyingine tatu, nazo zinapotea. Funika swichi hiyo au weka ya betri juu yake. Ruta ya Wi-Fi iliyokaa ubavuni mwa kisanduku humeza ishara: zitenganishe mita moja au mbili, weka Wi-Fi kwenye chaneli 1 au 6, na Zigbee kwenye 25. Ukitumia kifaa cha USB kwenye kompyuta, kiweke mwisho wa kebo ya kurefushia, maana tundu za USB 3 hutoa kelele kwenye masafa hayo hayo. Kuta za tofali za saruji hukata mawimbi. Usitegemee zaidi ya mita 10 hivi bila balbu ya kupokezana katikati. Na usiweke balbu hizi kwenye dimma (swichi ya kupunguza mwanga) ya zamani ya ukutani, zitakufa.

Kuhusu umeme unaorudi usiku: balbu nyingi kiwandani zimewekwa kuwaka kikamilifu zinapopata umeme. Nyumba nzima inaamka. Ingia kwenye programu siku ya kwanza, tafuta mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi, chagua irudi ilivyokuwa.

*Inamfaa* mpangaji, mwenye nyumba iliyokwisha pakwa rangi, mwenye vyumba vya wageni vichache.

Kwa hali yako

Unajenga ofisi au zahanati na dari iko wazi: DALI, na kama fedha haitoshi leo, pitisha kebo ya nyaya tano sasa, weka draiva za kawaida, nyaya mbili zilizobaki zifungwe ncha na kuandikwa. Tofauti ya bei ya kebo ni ndogo mno ukilinganisha na kubomoa jipsam.

Kanisa au ukumbi: gawanya. Taa za jukwaani kwa DMX, taa za watu kwa DALI au hata dimma ya kawaida, ili mhudumu awashe ukumbi asubuhi bila kugusa mikse. Acha paipu tupu ya milimita 25 kutoka jukwaani hadi meza ya mitambo, na kamba ndani yake.

Baa au mgahawa: pikseli ya volti 12 kwa urembo, taa nyeupe za kawaida juu ya meza. Wekea nafasi ya kufikia pikseli ya kwanza na kila mlisho bila kuvunja kitu.

Nyumba ya kuishi inayojengwa: Zigbee kwa sasa, lakini mwambie fundi ashushe nyutro kwenye kila boksi la swichi, na alete boksi lenye kina, milimita 47 badala ya 35. Kwa nyumba iliyomalizika, anza na balbu tatu kwenye chumba kimoja, ukae nazo mwezi mzima ukiangalia zinavyoamka kila umeme unaporudi, kisha ndipo ununue nyingine.